Yolima na Vijiti vya Asubuhi

Yolima Tibaduiza hakuwahi kukalia kiti kikapata joto. Duka langu la dawa na karakana yake ya baiskeli vinagawana ukuta mmoja hapa Duitama, mwaka wa ishirini na sita huu, na bado sijamwona akimaliza kikombe cha kahawa akiwa ameketi. Hunywa huku ananyoosha rimu, kikombe kikiwa juu ya benchi katikati ya spana, na kikipoa hukimaliza kwa mkupuo mmoja kama mtu anayekunywa dawa chungu.

Kazi alirithi kwa baba yake, marehemu don Anselmo, aliyekuwa na watoto wanne wa kiume ambao wote walichukia grisi. Yolima alianza kufunga spoki akiwa na miaka kumi na minne. Alikuwa na sikio. Unaingia na baiskeli yako inayolia, yeye hata kichwa hajainua, anakwambia, "Gololi za gurudumu la nyuma hizo, si mnyororo. Iache hapo." Na kweli zinakuwa gololi.

Mumewe, Edilberto, ni dereva wa lori. Anapeleka viazi hadi pwani na kurudi nyumbani kila baada ya wiki mbili, akiwa amechomwa na jua na ana usingizi. Ni mtu wa taratibu, maneno yake yanakuja kama lori linalopanda mlima. "Mke wangu alizaliwa kabla ya kuiva," alikuwa akitutania, "ndiyo maana ana haraka hivi ya kufika." Walikuwa na mtoto mmoja, binti, Derly. Mwaka ninaousimulia alikuwa na miaka kumi, mwembamba, miguu mirefu, na kila Jumamosi alitoka na kikosi cha watoto wa mtaa kupanda vilima vya Santa Rosa kwa baiskeli. Kwenye tambarare walimpita. Kwenye mlima hakuna aliyemwona tena isipokuwa mgongo.

Aprili alipata mafua. Watoto wote wa shule walikuwa nayo, baridi ilikuwa kali, wakakohoa wiki moja, wakapona. Siku kama kumi baadaye Yolima aliingia dukani kwangu amemshika Derly mkono, akampandisha suruali hadi mapajani.

"Doña Oliva, tazama hii."

Nilitazama. Madoa mekundu, mengi, kuanzia vifundoni hadi nyuma ya mapaja. Wikiendi iliyopita walikuwa wamepumzika kwenye malisho ya kondoo.

"Viroboto," nikasema. "Au majani yamemkera. Mpake hii, na hii syrup mpe kabla ya kulala."

Nilisema kwa sauti ya mtu anayejua. Sikuinama. Kama ningeinama nikabonyeza doa moja kwa kidole, ningeona kwamba halififii, na kwamba limeinuka kidogo kama punje ya mchele chini ya ngozi. Niliuza marhamu nikarudi kwenye hesabu ya panadoli. Hilo nimelibeba mpaka leo, na ndiyo maana nasimulia habari za Yolima bila kujitoa ndani yake.

Kesho yake vifundo vya miguu vilivimba, Derly akawa anatembea kama bibi kizee. Keshokutwa tumbo. Yolima anasema mtoto alijikunja sakafuni karakanani, magoti kifuani, hasemi neno. Alimbeba mgongoni hadi barabarani, akasimamisha gari la kwanza lililopita, na hakufunga hata mlango. Mimi ndiye niliyekwenda kufunga.

Hospitali ya mkoa walimlaza siku tano. Walimpiga picha ya tumbo kuona kama utumbo haujaingiana, kipande kimoja ndani ya kingine, wakaona haujaingiana, wakampa maji ya mshipani na dawa ya maumivu. Daktari wa watoto, mwanamke kijana mwenye miwani minene, alimkalisha Yolima chini amweleze. Yolima alisikiliza akiwa amesimama.

"Mama, hii ni kinga yake mwenyewe," daktari alisema. "Ilikuwa inapigana na mafua, sasa imepotea njia, imevamia mishipa midogo midogo ya damu. Ndiyo hayo madoa. Ndiyo hayo maumivu ya vifundo na tumbo. Mara nyingi inapita yenyewe baada ya wiki chache."

"Mara nyingi," Yolima akasema. "Na hizo mara nyingine?"

"Mara nyingine inashika figo. Kwa watoto wa ugonjwa huu, karibu mmoja kati ya watatu. Wengi wao kidogo tu, na figo zinapona. Wachache haziponi haraka."

"Nitajuaje?"

"Kwa macho hutajua. Figo haziumi. Mtoto atakula, atacheza, atagombana nawe, na huku damu au protini zinavuja kwenye mkojo. Kwa hiyo tutapima mkojo na presha kila wiki, kisha kila mwezi, mpaka ipite miezi sita. Ikipita miezi sita salama, tunapumua."

"Nipe dawa ya kuzuia isifike kwenye figo."

"Ya kuzuia hakuna, mama. Ya kutibu ipo. Kazi yetu ni kuiona mapema."

Yolima aliniambia baadaye kwamba kama yule daktari angemwambia ainue gari la wagonjwa kwa mikono yake, angejaribu. Lakini kumwambia asubiri, tena asubiri kitu kisicho na sauti, huko kulikuwa ni kumfunga kamba.

Siku waliyoruhusiwa alikuja moja kwa moja kwangu, Derly akiwa bado na kibandiko cha sindano mkononi.

"Nataka vijiti vya kupimia mkojo."

"Si watampima hospitalini kila wiki?"

"Kila wiki ni wao. Mimi nataka kila siku."

Nilimtolea kopo. Ni vijiti vya plastiki, vyembamba, kila kimoja kina vimraba kumi vya rangi: kimoja cha protini, kimoja cha damu, kimoja cha sukari, na vinginevyo. Nikamfundisha. Chovya, kung'uta, hesabu hadi sitini, linganisha na rangi za kwenye kopo. Kimraba cha protini ni cha njano, protini zikiwapo kinakwenda kijani. Mwanamke aliyezoea kuona rimu iliyopinda unene wa ukucha alijifunza mara moja. Nilimwona hata ana furaha kidogo, kwa sababu sasa ana kitu cha kufanya kwa mikono.

Tangu siku hiyo, kila saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya uji wa maziwa na mayai, Derly alitoka chooni na kikombe, akakiweka kwenye dirisha la jikoni, na mama yake akachovya. Sekunde sitini. Nyumba yao iko nyuma ya karakana, kwa hiyo ukuta unaotutenganisha ni ule ule, na mimi nikiwa napanga duka nilisikia viatu. Hatua nne kwenda, hatua nne kurudi. Kisha kimya, ndiyo anasoma. Kisha bomba la maji. Nikisikia bomba nilijua leo ni njano.

Madoa yalififia mwisho wa Mei. Vifundo vilirudi. Tumbo likasahaulika. Edilberto aliporudi safarini alimkuta mtoto anaruka kamba uani, akacheka.

"Si huyu hapa? Mzima kama mbuzi."

"Mpaka Novemba," Yolima alimjibu.

"Mpaka Novemba utakuwa umekufa wewe, na yeye anaruka kamba."

Katika wiki ya sita kimraba cha damu kilitoa vidoa vya kijani. Vichache, kama mtu amenyunyiza. Mkojo wenyewe kwa macho ulikuwa wa kawaida kabisa. Yolima hakungoja siku ya kliniki, alimpeleka asubuhi hiyo hiyo kwa baiskeli, mtoto amekaa nyuma. Hospitalini wakaweka mkojo chini ya darubini: chembe nyekundu zipo, chache. Protini hakuna. Presha nzuri. Daktari akasema figo zimeguswa, ndiyo, lakini kidogo, na kwamba damu kidogo hivi bila protini kwa kawaida inaondoka yenyewe. Aendelee na shule. Baiskeli apumzike kwanza. Warudi wiki ijayo.

Hapo ndipo nilipomwona Yolima anaharibika. Alifungua magurudumu ya wateja ambayo hayakuwa na tatizo. Mzee Chaparro wa mtaa wa juu alileta baiskeli kuziba pancha, akarudishiwa ikiwa imebadilishwa mnyororo, waya za breki na gololi, na hakuombwa chochote, akaja kwangu ameshangaa. "Doña Oliva, huyu jirani yako ana nini? Nimeleta tyubu, kanirudishia baiskeli mpya." Alikaza nati mpaka zikakatika vichwa. Akiwa anazungumza nawe, macho yanamfuata Derly: kope zimevimba? Uso umejaa? Kamwona mtoto anakunywa maji, anauliza kwa nini ana kiu. Hakunywa, anauliza kwa nini hanywi.

"Mama, nimekula chumvi kidogo tu," Derly alisema siku moja mbele yangu, kabla hata hajaulizwa.

Niliona jambo hilo nikalipuuza. Mtoto wa miaka kumi alikuwa anamsoma mama yake vizuri kuliko mama anavyosoma vijiti.

Juni yote, Julai yote, vidoa vya damu vilikuja na kuondoka. Protini hakuna. Daktari aliridhika, akasema sasa waje mara moja kwa mwezi. Yolima alitoka hospitalini na hasira, kana kwamba wamemnyang'anya kitu. Nyumbani kijiti kiliendelea kila asubuhi. Kulikuwa na siku moja tu mwishoni mwa Julai ambapo kimraba cha protini kilikuwa si njano kamili, si kijani, katikati. Kesho yake kikawa njano. Lakini siku ile moja Yolima alitembea ndani ya nyumba tangu asubuhi mpaka jioni, hakupika, hakufungua karakana, na Derly alikaa kwenye ngazi na daftari lake la shule akihesabu hatua. Hilo la kuhesabu alinieleza yeye mwenyewe, baadaye sana. Alifika elfu tatu na kitu, akaacha.

Katikati ya Agosti, asubuhi ya Jumatano, nilikuwa bado sijafungua nikasikia mlango unagongwa kwa ngumi. Yolima alikuwa na kikombe ndani ya ruana yake, lile joho la sufu la kujitanda, amekifunika kwa kiganja, na kijiti mkono wa pili.

"Doña Oliva, sasa ni kisukari."

"Kisukari gani?"

"Tazama. Protini hakuna. Damu hakuna, imekwisha kabisa, siku ya ngapi sijui. Lakini sukari, tazama sukari."

Nilivaa miwani. Kimraba cha sukari, ambacho hukaa buluu, kilikuwa kahawia, cha mwisho kabisa kwenye kopo. Nikachukua kikombe nikaona kitu cha ajabu: kilikuwa baridi. Si cha uvuguvugu kama mkojo wa asubuhi. Nikakisogeza puani.

"Yolima," nikasema, "nani kakuletea hiki?"

"Derly. Nani mwingine?"

"Umekinusa?"

Alinusa. Alinusa tena. Ni harufu ambayo kila mtu wa Boyacá, mkoa wetu, anaamka nayo. Kila nyumba ina sufuria yake jikoni.

"Hii ni maji ya sukari guru," akasema polepole. "Kayachanganya na maji ya bomba."

"Ndiyo."

Aliweka kikombe juu ya kaunta yangu kwa uangalifu kama kinachoweza kulipuka. Nilidhani atapiga kelele. Alisimama tu, na kwa mara ya kwanza miguu yake haikuwa inakwenda popote. Kisha akatoka, nami nikamfuata, kwa sababu sikupenda ule utulivu.

Derly alikuwa jikoni amevaa sare ya shule, anafunga viatu. Alituona sote wawili mlangoni na kikombe hakipo mkononi mwa mama yake, akaelewa. Hakulia. Alifungua viatu tena, kama mtu anayejua leo haendi shule.

"Siku ngapi?" Yolima akauliza.

"Kumi na moja."

"Kumi na moja umeniletea hii?"

"Hapana. Zile nyingine nilitia maji ya bomba mengi kwenye mkojo. Jana ukasema mbona mweupe hivi. Ndiyo leo nikatia ya sufuria, iwe na rangi." Alisukuma viatu pembeni. "Sikujua kijiti kinaona sukari."

"Na ya kwanza uliona nini? Siku hiyo ya kwanza?"

"Kijani. Uliacha kopo dirishani. Nilichovya mwenyewe ulipokuwa unawasha jiko."

Mimi nikaingilia, kwa sababu nilidhani najua. Jumapili iliyofuata ilikuwa ya mbio za watoto, kikosi chote kilikuwa kinazungumzia hilo, na Derly alikuwa amemwomba daktari amruhusu. "Ni kwa ajili ya mbio, mwanangu? Uliogopa watakukataza?"

Derly alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kipuuzi.

"Mbio zinakuja kila mwaka," akasema. Kisha akamgeukia mama yake. "Nilitaka uache kutembea. Ikiwa njano, unafungua maji na unaenda kazini. Ikiwa kijani unatembea."

Nje mzee Chaparro alikuwa anapiga kengele ya baiskeli yake, anataka kuhudumiwa.

Yolima alipiga magoti mbele ya mtoto. Akashusha soksi ya mguu mmoja. Mpira wa soksi ulikuwa umeacha mfereji kwenye ngozi, wa kina. Alibonyeza kwa kidole gumba juu ya mfupa wa mguu, vile anavyobonyeza tairi kupima upepo, akaondoa kidole, na kishimo kikabaki. Tulikitazama. Kilibaki muda mrefu.

"Nenda kakojoe," alimwambia kwa sauti ya chini. "Wa kweli. Mimi nitakaa hapa."

Akakaa kweli, kwenye kreti la vinywaji. Mkojo ulikuja na povu lisilotulia, na kimraba cha protini hakikungoja sekunde sitini, kiligeuka kijani kibichi kama jani tukiwa bado tunahesabu.

Hospitalini siku hiyo presha ilikuwa juu, kwa mtoto. Protini nyingi. Daktari mwenye miwani minene hakupoteza muda na lawama, aliandika barua: Bogotá, kwa bingwa wa figo za watoto, haraka. Lakini haraka ya daktari si haraka ya bima. Kibali cha kumhamisha kilitakiwa kipigwe muhuri ofisini kwao, Tunja, na ofisini wakasema siku nane hadi kumi za kazi. Yolima alikwenda Tunja siku ya kwanza kwa basi. Siku ya pili. Siku ya tatu karani, kijana mwenye tai, alimwonyesha viti.

"Mama, kaa, tutakuita."

"Sikai."

"Utasumbua wengine, mama. Kaa tu."

"Mwanangu anavimba. Wewe ukikaa na mimi nikikaa, nani amesimama?"

Alisimama mbele ya dirisha hilo kuanzia wanafungua mpaka wanafunga, hatukani mtu, hasemi kitu, amesimama tu na barua ya daktari ameishika kifuani. Siku ya nne, kabla ya chakula cha mchana, meneja alitoka chumbani mwake, akachukua barua, akagonga muhuri. Edilberto alikuwa ameacha mzigo wa viazi kwa dereva mwingine huko Barranquilla, akafika asubuhi ya safari akiwa hajanyoa. Hakutania siku hiyo. Alimbeba Derly hadi kwenye basi ingawa Derly aliweza kutembea.

Bogotá walimchoma sindano mgongoni wakatoa kinyama cha figo, chembamba kama uzi. Bingwa wa figo alikuwa mzee mmoja, daktari Pulido, mwenye sauti ya kukwaruza. Aliwaita wazazi akawachorea kwenye karatasi: figo ina vichujio vidogo mno, maelfu kwa maelfu, na kila kichujio ni fundo la mishipa midogo. Kinga ya mtoto imejibandika humo. Katika kinyama walichotoa, vichujio vingi vilikuwa vimewaka moto, vichache vilikuwa vimeanza kupata kovu.

Yolima aliuliza lile lililokuwa linamkaba. "Zile siku kumi na moja. Ndizo zilizotia makovu?"

Daktari Pulido aliweka kalamu chini. "Sitakudanganya ili ulale. Sijui kila kichujio kiliumia siku gani. Lakini siku kumi na moja peke yake hazifanyi hivi. Hii ilikuwa inakuja. Na mmefika wakati dawa bado ina kazi ya kufanya."

"Na mimi kumpima kila siku? Nilimtia hofu."

"Ulimtia hofu, ndiyo." Alikuwa mtu wa kusema kweli. "Na uliona. Wazazi wengine wanakuja hapa baada ya mwaka. Hayo mawili yote ni yako, mama, siwezi kukuchagulia moja."

Walimpa dawa kali ya mshipani siku tatu, kisha vidonge. Vidonge vya kutuliza kinga, asubuhi vingi, miezi na miezi. Kidonge cha presha ambacho pia kinazuia protini zisivuje. Derly akawa na uso wa mviringo kama mwezi, mashavu yamejaa, nywele laini juu ya mdomo, njaa isiyoisha. Shuleni wakamwita Arepa, ule mkate wetu wa mahindi wa mviringo. Alirudi siku moja akaeleza hivyo mezani, bila machozi, na baba yake, aliyekuwa nyumbani, akauliza kama ni ile ya jibini au isiyo na kitu. Derly alifikiri kidogo akasema ya jibini. Walicheka mpaka Yolima akatoka nje.

Na Yolima? Daktari Pulido alimwamuru jambo gumu kuliko yote. Kupima mkojo mara moja kwa wiki, Jumatatu. Siku nyingine kopo lisiguswe. Alileta vijiti vyote kwangu, nimfungie kwenye kabati la dawa na funguo nikae nazo mimi, na kila Jumatatu Derly mwenyewe angekuja kuchukua kimoja, achovye mwenyewe, asome mwenyewe, na aseme rangi kwa sauti, na ni ya ngapi kwenye kopo. Hilo la kusema kwa sauti lilikuwa sharti la Derly.

"Kijani," alikuwa anasema kupitia ukuta. "Kijani ya pili."

Nami nikasikia viatu. Havikukoma, nisiseme uongo. Vilikwenda karakanani, vikaenda uani, mara viko barabarani. Lakini asubuhi nyingine nilisikia viatu vya watu wawili, vikubwa na vidogo, hatua nne kwenda na nne kurudi, na sauti ya Derly ikihesabu. Walikuwa wanatembea pamoja.

Wiki zikaenda. Kijani ya pili ikawa ya kwanza karibu na Krismasi. Dawa za kutuliza kinga zilipunguzwa hadi nusu, halafu robo. Februari kulikuwa na mafua tena shuleni, Derly akayapata, madoa matano yakatokea kwenye kifundo, na protini zikapanda tena. Wiki tatu hizo sitaki kuzisimulia kwa urefu. Yolima alikonda mpaka ovaroli likawa linamzunguka. Zikashuka. Juni, mwaka na wiki kadhaa tangu nilipouza ile marhamu, kijiti kilitoka karibu njano, na kipimo cha Bogotá kikathibitisha: bado zinavuja, kidogo sana, kiasi ambacho daktari Pulido alikubali kuishi nacho.

Hivyo ndivyo ilivyobaki. Si kupona kule kwa kufuta kila kitu. Derly ana miaka kumi na tisa sasa, anasomea upimaji wa ardhi huko Tunja, ana urefu wa kumzidi baba yake. Anakunywa kidonge kimoja cha presha kila siku na anakwenda kupimwa kila Machi. Makovu machache aliyo nayo hayaondoki, wala hayajaongezeka. Wamemwambia siku akitaka mtoto aseme mapema, wamwangalie kwa karibu. Mbio aliziacha, anasema zilimchosha, na simwamini sana, lakini bado anapanda Santa Rosa kwa raha zake.

Wiki iliyopita alikuja kwa likizo, akanikuta nje ya duka nikiota jua. Yolima alikuwa anatoa baiskeli mbili karakanani, ya mtoto na yake.

"Unakwenda wapi, mama?" Derly akauliza.

"Paipa. Nina mteja."

"Mimi ndiye ninayekwenda Paipa."

"Basi njia ni moja."

"Mama, nina miaka kumi na tisa."

"Nimekukataza kitu? Endesha. Mimi niko nyuma huko, mita mia mbili, hata hutaniona."

Derly alinitazama, akaguna, akapanda. Yolima alingoja kidogo, akibana breki na kuziachia, akizibana na kuziachia, mpaka binti yake alipofika kwenye kona ya kanisa. Kisha naye akaondoka.